Haraka Si Miadi: Etheneti katika Mitambo Yenye Dhamana ya Uhai

Mwezi wa Novemba, mwaka 1861, wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakapokewa na Mkama Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Nia yao ilikuwa kuendelea mpaka Buganda, lakini njia haikuwa wazi mpaka Kabaka Mutesa aridhie. Habari zikaenda kwa miguu ya watu, na majibu yakarudi kwa miguu ya watu, na wageni wakangoja. Speke aliondoka Januari 1862, wajumbe wa Mutesa walipokuja kumchukua. Grant alibaki nyuma kwa sababu ya maradhi ya mguu. Kungoja huko kuliwachosha, ila hakukuuharibu ujumbe. Ruhusa ya mfalme iliyofika baada ya majuma sita ilikuwa na nguvu ile ile ambayo ingekuwa nayo lau ingefika baada ya majuma mawili.

Nilikumbushwa habari hiyo pale pale Bweranyange, nilipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari juu ya Kiswahili na maneno ya sayansi. Msichana mmoja, ambaye alisema anataka kuwa fundi wa ndege, alisimama akauliza: "Mwalimu, nimesoma kwamba ndege mpya hutumia mawasiliano ya wakati halisi. Je, sisi wengine twatumia wakati wa bandia?" Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, maana niliona mara moja kwamba swali lilikuwa la haki, na kwamba jibu sikuwa nalo. Nilimwambia kuwa maana yake ni mawasiliano ya haraka sana. Baadaye, nilipokwisha kusoma na kuwauliza wanaojua, nalitambua kuwa jibu langu lilikuwa kosa, tena kosa la hatari kwa mtu atakayeshika bisibisi na kuifungua ndege.

Madhumuni ya makala haya ni kulisahihisha jibu hilo. Nitaeleza jinsi etheneti, yaani ule waya wa kawaida unaounganisha kompyuta maofisini mwetu, ilivyofanywa ifae katika mitambo yenye dhamana ya uhai, nayo ni mitambo ambayo ikikosea watu hufa. Nitaonyesha kwa nini kazi hiyo haikuweza kuachiwa programu peke yake, bali ilibidi iingizwe katika maunzi, yaani chombo chenyewe kinachoshikika kwa mkono. Mwisho nitarudi kwenye ufundi wangu, ambao ni maneno.

Baraza lisilo na mwenyekiti

Jina la etheneti limetokana na etha, kitu ambacho wataalamu wa fizikia wa karne ya 19 walidhani kimeujaza ulimwengu na kwamba nuru husafiri ndani yake. Etha haikupatikana, lakini jina lake lilimpendeza Robert Metcalfe, ambaye mwezi wa Mei 1973, akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, aliandika waraka wa kueleza namna ya kuunganisha kompyuta nyingi kwa waya mmoja. Alikuwa amejifunza mengi kutokana na mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ulioanza kazi mwaka 1971. Kanuni za etheneti zikawa kanuni za wote mwaka 1983, zilipotolewa na chama cha wahandisi kiitwacho IEEE.

Taratibu ya etheneti ya kwanza yafanana sana na mazungumzo ya watu barazani. Kila kompyuta husikiliza waya kwanza. Ikiwa kimya, husema. Zikitokea mbili kusema kwa pamoja, sauti zao hugongana. Zote mbili hunyamaza, kila moja hungoja muda wa kubahatisha, kisha hujaribu tena. Zikigongana mara ya pili, muda ule wa kubahatisha huchaguliwa katika nafasi iliyo pana maradufu, na kadhalika. Baada ya majaribio 16 kompyuta hukata tamaa na kuutupa ujumbe.

Sisi wanaisimu twaijua taratibu hii. Mwaka 1974 Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha uchunguzi wao mashuhuri juu ya namna watu wanavyopokezana zamu za kusema bila ya mtu wa kuwagawia. Katika baraza la majirani utaratibu huo hutosha kabisa. Mwenye neno la maana akikosa nafasi sasa, ataipata baadaye kidogo. Lakini fikiri kwamba katika baraza hilo yumo mtu aliyeona nyoka chini ya kiti cha jirani yake. Kwa huyo, "baadaye kidogo" haitoshi. Wala haitoshi kumwambia kwamba kwa kawaida watu hupata nafasi upesi. Yeye ataka kujua jambo moja tu: itakapokuwa vibaya kabisa, atangoja muda gani? Etheneti ya kwanza haikuwa na jibu la swali hilo, kwa maana bahati nasibu haina mwisho unaojulikana.

Foleni mlangoni mwa swichi

Baadaye waya mmoja wa wote uliachwa. Kila kompyuta ikapewa waya wake mpaka kwenye chombo cha katikati ambacho mafundi hukiita swichi. Kompyuta yaweza kusema na kusikia wakati mmoja, na swichi hupokea kila kifurushi cha data, huisoma anwani yake, na kukitoa kwa mlango unaohusika. Migongano ikaisha. Watu wengi hudhani kwamba na taabu ya kungoja ikaisha. Haikuisha, bali ilihama kutoka wayani ikaingia ndani ya swichi.

Tuchukue hesabu rahisi. Kifurushi kirefu cha kawaida cha etheneti kina baiti 1518. Ukiongeza alama za mwanzo na nafasi ya kupumulia baina ya kifurushi na kifurushi, jumla ni baiti 1538, yaani biti 12,304. Katika waya upitishao biti milioni 100 kwa sekunde, kifurushi hicho huchukua kama mikrosekunde 123 kupita. Basi kifurushi kifupi cha dharura kikifika mlangoni mara tu baada ya kile kirefu kuanza kutoka, kitangoja mikrosekunde hizo 123, hata kikiwa na cheo cha kwanza. Ikiwa mbele yake pamepangwa vifurushi virefu kumi naye hana cheo, atangoja zaidi ya milisekunde moja. Ikiwa njiani ziko swichi tano, atapanga foleni mara tano. Na foleni ikijaa kabisa, swichi hukitupa kifurushi bila ya kumwambia mtu.

Kwa mtu anayesoma gazeti katika kompyuta, hayo si kitu. Data iliyotupwa itaombwa tena. Lakini ndege kubwa ikiwa katika mwendo wake wa safari hupita mita 250 hivi kwa kila sekunde moja. Treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 na iwezayo kwenda kilomita 160 kwa saa, hupita mita 44 kwa sekunde. Na hapa kwetu Kagera, kwenye maporomoko ya Rusumo mpakani mwa Ngara na Rwanda, umejengwa mtambo wa megawati 80 ambao umeme wake hugawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Hitilafu katika njia za umeme mwingi namna hiyo sharti ikatwe kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kanuni ya kimataifa ya vituo vya umeme iitwayo IEC 61850 yataka ujumbe wa haraka zaidi wa kukata umeme ufike ndani ya milisekunde 3. Ujumbe ufikao baada ya hapo ni kama haukuja. Methali yetu husema "kawia ufike", nayo ni njema kwa msafiri. Lakini katika mitambo hii aliyekawia hakufika.

Njia zilizopimwa ndani ya ndege

Zamani, vyombo vya ndege viliunganishwa kwa kanuni iitwayo ARINC 429. Kila chombo chenye habari kilikuwa na jozi yake ya nyaya, kikisema peke yake, na vyombo visivyozidi 20 vikimsikiliza. Hapakuwa na mgongano wala foleni, kwa sababu kila msemaji alikuwa na njia yake. Lakini mwendo wake haukuzidi biti 100,000 kwa sekunde, na vyombo vilipozidi kuwa vingi, nyaya nazo zikawa nyingi na nzito mno.

Watengenezaji wakaitamani etheneti kwa wepesi na urahisi wake. Airbus wakaitumia katika A380, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Na kanuni zake zikaandikwa katika ARINC 664, sehemu ya 7. Kanuni hizo ndizo zinazotumika katika mtandao wa pamoja wa data wa Boeing 787. Kwa hiyo jambo hili si la mbali nasi. Ndege ya kwanza ya aina hiyo ya Shirika la Ndege la Tanzania, 787-8, ilitua Dar es Salaam mwezi wa Julai 2018. Kenya Airways walianza kupokea zao mwaka 2014, na Ethiopian Airlines mwaka 2012. Abiria anayekwenda nayo amezungukwa na etheneti, ingawa siyo ile ya ofisini.

Tofauti ni hii. Katika etheneti ya ndege hakuna msemaji aliye huru kusema apendavyo. Kabla ndege haijatoka kiwandani, kila njia ya habari hupangwa: nani atasema, nani watasikia, kwa kupitia swichi zipi, ujumbe usizidi urefu gani, na baina ya ujumbe mmoja na unaofuata upite muda usiopungua kiasi gani. Muda huo wa chini huchaguliwa katika ngazi nane: milisekunde 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 au 128. Njia iliyopewa milisekunde 8, kwa mfano, haiwezi kupeleka zaidi ya vifurushi 125 kwa sekunde. Maadamu kila msemaji amewekewa mpaka, mhandisi aweza kukaa mezani akahesabu foleni itakayokuwa mbaya kuliko zote katika kila swichi, na kwa hiyo akajua ukawiaji mkubwa kabisa unaowezekana. Swali la yule mtu aliyeona nyoka limepata jibu, nalo ni tarakimu.

Zaidi ya hayo, mtandao wenyewe ni pacha. Kila kifurushi hupewa namba ya mfuatano, hutolewa nakala mbili, na kila nakala hupita katika mtandao wake wenye swichi zake. Mpokeaji huichukua nakala ya kwanza iliyo nzima na kuiacha ya pili. Swichi ikifa, habari hufika kwa njia nyingine bila ya kuombwa tena, na bila ya kupoteza hata milisekunde moja kwa kuulizana.

Saa moja kwa wote

Mpango wa ndege niliousimulia hauhitaji saa ya pamoja. Kila msemaji huhesabu muda wake mwenyewe. Uko mpango mwingine ulio mkali zaidi, uliotokana hasa na kazi ya Hermann Kopetz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna. Hapo kila ujumbe huwa na saa yake ya kuondoka, kama treni iliyo katika ratiba. Mtandao wa namna hiyo juu ya etheneti uliandikiwa kanuni mwaka 2011, AS6802, nao umetumika katika chombo cha Orion cha Marekani, kilichouzunguka Mwezi bila watu mwishoni mwa mwaka 2022. Kuanzia mwaka 2012 kamati ya IEEE nayo imetoa kanuni nyingi za kuifanya etheneti ya kawaida ifuate ratiba. Mojawapo huweka lango katika kila foleni ya swichi: lango hufunguliwa na kufungwa kwa saa zilizoandikwa, ili ujumbe wenye ratiba ukifika ukute njia tupu. Nyingine huruhusu kifurushi cha dharura kukikatiza kile kirefu kilichokwisha kuanza kutoka, kisha kile kirefu kikamalizia sehemu yake.

Ratiba haifai kitu ikiwa saa hazilingani. Saa ya kioo cha kwatzi ikikosea sehemu 50 tu katika milioni, hupotea mikrosekunde 50 kila sekunde, na kwa siku nzima hupotea zaidi ya sekunde 4. Kwa hiyo vyombo huambiana saa mara kwa mara kwa njia ya mtandao ule ule. Na hapa ndipo tuonapo kwa mara ya kwanza ulazima wa maunzi.

Tuseme chombo kimoja chamwandikia mwenzake: "Sasa ni saa fulani." Neno "sasa" limeandikwa na programu. Lakini programu ni mmojawapo tu wa wafanyakazi wengi ndani ya kompyuta. Baada ya kuandika, huenda kompyuta ikashughulika kwanza na jambo jingine, kisha ujumbe ukapanga foleni kabla ya kutoka. Utakapotoka, "sasa" imekwisha kuwa "zamani", tena kwa kiasi ambacho hubadilika kila mara na hakijulikani. Dawa yake ni kupiga muhuri wa saa si pale ujumbe unapoandikwa, bali pale unapovuka mlango wenyewe. Sakiti ndogo iliyowekwa mlangoni hukiona kifurushi kikipita na kuandika saa yake papo hapo, bila ya kumwuliza mtu. Kwa njia hiyo saa za vyombo vyaweza kulingana kwa tofauti iliyo ndogo kuliko mikrosekunde moja. Ndiyo kazi ya kanuni iitwayo IEEE 1588, iliyotolewa kwanza mwaka 2002.

Mropokaji na bawabu

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Tumeona kwamba usalama wote wategemea kila msemaji kushika mpaka wake. Je, akiharibika akaacha kuushika? Chombo kilichokufa si hatari kubwa, kwa sababu pacha wake huendelea. Hatari kubwa ni chombo kilichoingiwa na wazimu, kinachosema mfululizo bila ya kukoma, kikaujaza waya hata wenye neno la kweli wasisikike. Wahandisi humwita huyo kwa jina la dhihaka. Mimi nitamwita mropokaji.

Ni dhahiri kwamba mropokaji hawezi kukabidhiwa kazi ya kujinyamazisha. Programu iliyopotoka ndiyo hiyo hiyo ingetakiwa kutambua kwamba imepotoka. Kwa hiyo huwekwa bawabu: sakiti iliyo nje ya msemaji, yenye saa yake na, inapowezekana, umeme wake, ambayo haijui maana ya maneno, ila hujua zamu. Zamu ikifika hufungua mlango, isipofika, hufunga. Katika ndege nilizozitaja bawabu huyo yumo ndani ya swichi. Kifurushi kikija kabla ya muda wake, au kikiwa kirefu kupita kiasi, swichi hukitupa hapo hapo, wala wengine hawapati habari kwamba kuna mtu aliyeropoka. Bawabu lazima awe mtu mwingine, na kama ana saa ya yule anayemlinda, au anatumia umeme wake, basi siyo bawabu tena.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kusema kwamba kazi imewekwa katika maunzi si kusema kwamba maunzi hayakosei. Chipu ya siku hizi hubuniwa kwa maandishi kama programu, na mbunifu ni binadamu. Ndiyo maana maunzi ya elektroniki ya ndege yana kanuni zake za ukaguzi, DO-254, zilizotolewa mwaka 2000. Kipimo kinachotakiwa ni kikali mno: hitilafu iwezayo kuiangamiza ndege isitazamiwe kutokea zaidi ya mara moja katika saa bilioni moja za kuruka. Saa hizo ni kama miaka 114,000. Hakuna mtu awezaye kuijaribu ndege kwa muda huo akaona. Njia iliyobaki ni kutenganisha: msemaji mbali na bawabu, mtandao huu mbali na ule, ili kosa moja lisiweze kuwashika wote kwa mkupuo mmoja.

Habari iliyochacha

Kuna hatari ya tatu, iliyojificha kuliko hizo mbili. Ujumbe waweza kuwa mzima, na wa kweli ulipoandikwa, ila umri wake umepita. Skrini ya rubani ikaonyesha mwendo wa ndege ulivyokuwa nusu dakika iliyopita, nayo yaonekana sawa kabisa. Habari ya namna hii nitaiita habari iliyochacha, kwa mfano wa chakula ambacho macho hayawezi kukitambua kuwa kimeharibika. Mtandao mwema hupima umri wa kila habari, na iliyopita umri wake huondolewa, ili rubani aone pengo kuliko aone uongo. Pengo humwambia atazame chombo kingine.

Mwezi wa Machi 2020 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo juu ya ndege za Boeing 787-8, 787-9 na 787-10. Ilikuwa imepokea taarifa kwamba ndege hizo zikikaa siku 51 mfululizo bila ya umeme wake kuzimwa, kipimo cha kutambua habari iliyochacha chaweza kuacha kufanya kazi, bila ya kumwonya mtu. Likitokea hilo pamoja na kuharibika kwa swichi ya mtandao, marubani wangeweza kuonyeshwa mwendo, kimo au hali ya injini isiyo ya kweli. Dawa iliyoamriwa ilikuwa rahisi hata mtu aweza kuicheka: umeme wa ndege uzimwe kabisa na kuwashwa tena kabla ya siku hizo kutimia.

Sasa mfikirie fundi aliyeamka usiku kwenda kuizima ndege iliyo nzima, inayowaka vizuri, ambayo haijalalamika. Akiwa amefundishwa kwamba mtandao huu ni "wa haraka", ataona amri hiyo ni urasimu mtupu. Haraka haijapungua hata kidogo. Data zaenda mbio kama siku ya kwanza. Akiwa amefundishwa kwamba mtandao huu umebeba ahadi ya muda, na kwamba kipimo cha ahadi hiyo ndicho kiwezacho kulala baada ya siku 51, ataizima akijua analinda nini.

Juu ya maneno

Hapo ndipo swali la Bweranyange linapogusa kazi yetu ya lugha. Katika tafsiri za siku hizi twasoma "wakati halisi" au "muda halisi". Neno "halisi" katika Kiswahili hujibu swali la uasilia: dhahabu halisi, mtoto wake halisi. Kinyume chake ni bandia. Kwa hiyo yule msichana hakukosea. Aliusoma Kiswahili kama usomwavyo. Anayekisia maana kwa kuifuata simu yake hudhani ni jambo linaloonekana wakati lile lile linapotendeka, yaani haraka. Lakini wazo lenyewe halihusu uasilia wala haraka. Mtandao upelekao ujumbe kwa milisekunde 100 daima, bila ya kuzidisha, ni wa namna hiyo. Mtandao upelekao kwa milisekunde moja mara nyingi, na mara moja moja kwa nusu sekunde, siyo.

Neno tunalo. Ni "miadi", tulilolipata kutoka Kiarabu na kulitumia karne nyingi kwa ahadi yenye wakati wake. Ahadi yaweza kuwa ya siku yoyote. Miadi ina siku na saa. Miadi hutimizwa au huvunjwa, wala hakuna nusu ya kuitimiza. Kwa sababu hiyo napendekeza tuseme "mawasiliano ya miadi" na "mtandao wa miadi". Na ujumbe uliochelewa tuseme umevunja miadi. Huenda mtu akapinga kwamba miadi ya wanadamu huvunjwa kila siku. Ni kweli, nami naona hiyo ni faida ya neno: humkumbusha fundi kwamba miadi haijitimizi yenyewe, bali yahitaji mtu au kitu cha kuishikilia.

Pamoja na hilo napendekeza haya machache. "Ukawiaji" uwe muda wote ambao ujumbe huchukua njiani, hata ukiwa mfupi. "Kuyumba" kuwe ile tofauti ya ukawiaji baina ya ujumbe mmoja na mwingine. "Muhuri wa saa" uwe ile alama ya wakati ipigwayo mlangoni. "Njia pacha" ziwe njia mbili zifanyazo kazi moja kwa pamoja. Tusiseme "njia ya akiba", kwa kuwa akiba hulala mpaka iitwe, na pacha hawalali. "Mropokaji", "bawabu" na "habari iliyochacha" nimekwisha kuyaeleza. Maneno haya yote mtoto wa darasa la saba huyajua, na sioni aibu kwa hilo. Neno la ufundi lina kazi ya kumwonyesha mwanafunzi mahali pa kutazama. Likimwelekeza kwingine, hata likiwa la kisomi namna gani, limemdhuru.

Barua niliyomwandikia yule msichana kupitia kwa mwalimu wake ilikuwa fupi. Nilimwambia kwamba nilimjibu vibaya, na kwamba ujumbe wa Mutesa uliweza kuchelewa usiharibike, ila ujumbe ulio ndani ya ndege una saa yake, na saa hiyo ikipita hauna faida tena. Nikamwambia kuwa ndani ya ndege yumo bawabu anayejua zamu tu, na kwamba atakapokuwa fundi, huyo ndiye wa kumchunguza kwanza. Wasomaji walio mafundi wa reli, wa umeme na wa ndege, ambao huyaita mambo haya kwa maneno yao wenyewe kazini, nawaomba wayaandike na kuyapeleka kwa mhariri. Huenda ikawa wanayo mazuri kuliko haya yangu, na nitafurahi kuyaona yangu yakiachwa kwa ajili ya hayo.